Siri Uliyomwachia Kipruto Botini

Mzee Ezra Ooko, Baharia Mstaafu, Naivasha

Mwaka umezunguka, Baba, tangu utuache asubuhi ile ya Septemba. Watu wanatarajia tuandike kwamba tumepoa. Hatujapoa.

Ulikuwa mtu mzuri, hilo halina ubishi. Ulitumikia meli za mizigo kule Kisumu hadi ukastaafu, ukaja Naivasha ukajinunulia boti ya mbao. Hakuna mtoto aliyeipanda bila jaketi ya kuokolea. Viboko wakiibuka, ulizima injini, ukavua kofia na kuwaambia, "Wazee, tunapita tu."

Likizo ya Agosti kabla ya hapo uliwachukua wanangu, Owuor na Kipruto, ziwani kila siku, wiki tatu nzima. Walirudi weusi tii kwa jua, wanajua kupiga makasia na kufunga mafundo ya kibaharia. Owuor alilifunga geti letu hivyo, Mama akachelewa kanisani. Tulicheka mpaka machozi.

Lakini boti yako ilikuwa na sheria. Kabla ya kuisukuma majini, kila mtu ananawa uso kwa maji ya ziwa na kuapa: ya botini hayashuki nchi kavu. Basi ni humo ulimowaambia kwamba daktari wa Nakuru alitaka ulazwe haraka, moyo ni mgonjwa, na wewe umekataa. Watoto walishaapa, wakanyamaza. Mimi nikikuuliza mbona unashika kifua, unanijibu, "Ni gesi tu, Anyango. Wacha wasiwasi."

Tulijua siku ya mazishi, Kipruto alipopiga magoti kaburini akikuomba msamaha kwa kutotuambia. Ai, Baba! Mimi niliyekupikia kila siku ulinificha, ukamtwika mtoto wa miaka kumi. Ulitusaliti. Kama uliogopa, si ungesema? Tungeogopa pamoja.

Wiki jana nikimpigia Kipruto sare pasi aliniuliza, "Mami, ningesema, Babu angekuwa hai?" Nilimwambia kosa si lake. Hakuniamini. Anasema mimi ni mamake, lazima niseme hivyo.

Ndiyo maana tumeyaleta gazetini, watu wote wasome, naye asome mwenyewe: Kipruto hakukosa. Uliyekosa ni wewe, Baba.

Tunaokukumbuka: mkeo Roselida, bintiyo Anyango na mumewe Kipngetich, wajukuu wako Owuor na Kipruto.

Hatutakusahau kamwe. Kukusamehe, tunajaribu.