Nyasi za Ngolo Atazipanga Mwingine

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako nzito, hadi Mama akachungulia kutoka jikoni aone naongea na nani.

Zile nyasi ulizozipanga siku yako ya mwisho zilifukiwa baada ya matanga. Mama na dada zangu walilima huku wanalia, na maharage yakaota vizuri. Hayo maharage, Baba, sikuweza kuyala. Mama alinisogezea sahani nikasema nimeshiba.

Bado nina hasira na wewe. Daktari alikwambia mshipa mkuu unaotoka moyoni umetanuka, umetuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, uende Dar es Salaam ukapasuliwe. Ukamjibu, "Nikishamaliza ngolo." Eti kwa sababu hakuna kilichokuuma! Na kwa sababu kwetu, katika kilimo cha ngolo, kukata nyasi na kuzipanga miraba mteremkoni ni kazi ya mwanamume mwenye shamba, ndipo wanawake wafuate na majembe kuzifunika udongo. Baba mdogo alijitolea akusaidie. Ukacheka: "Huyo mistari yake inapinda kama njia ya panya. Mvua itaondoka na shamba lote." Mshipa ukapasuka umeinama palepale. Mistari yako ilikuwa imenyooka, Baba. Imenyooka mno.

Sasa nisikilize. Daktari alisema ugonjwa huu unaweza kurithiwa, watoto wote tukapimwe. Dada zangu wako salama. Mimi ninao. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ungesema.

Madaktari wa Dar es Salaam watakata pale palipotanuka na kushona mrija wa kitambaa badala yake. Naogopa. Nimeuliza tena na tena kama moyo wenyewe utasimamishwa, nikitumaini jibu litabadilika. Halijabadilika. Na wameniita mwezi huu huu, nyasi ziko kiunoni na majirani wote wako mteremkoni. Jana nilichukua fyekeo lako. Nilitaka kukata kidogo tu, kule juu. Mama akaja akasimama mbele yangu. Alishika mpini hadi nikaachia.

Fyekeo kampa baba mdogo. Leo asubuhi nimemtazama akipanga. Inapinda, Baba, inapinda kweli kweli! Nimecheka, kisha nikakaa chini nikalia, maana mtu wa kucheka naye hayupo.

Kesho napanda basi. Najua tukifika kituo cha Kitai nitatamani kushuka nirudi. Sitashuka. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nimeitoa hapa kaburini kwako, kando ya mibuni nyuma ya jiko. Pumzika, Baba. Nikirudi na pumzi yangu, maharage ya mistari iliyopinda nitayala, sahani nzima.

Mwanao,
Kosmas