Papa Straton, Uliyekataa Kuapa kwa Aliyekupa Ng'ombe

Mwaka mmoja umetimia, Papa, baba yetu, tangu tulipokuzika hapa Muheto, tarehe 19 Julai 1955, baada ya siku tisa za homa ya mapafu. Ulikuwa na miaka hamsini na moja au hamsini na mbili. Cheti chako cha ubatizo na kumbukumbu ya shangazi Verdiane havipatani, na wewe mwenyewe ulikataa kuchagua.

Waliokufahamu wanakumbuka jembe lako. Kila asubuhi, ukifika shambani, ulilisimamisha udongoni, ukavua kofia, ukaomba kabla ya kulima hata hatua moja. Mvua haikubadilisha kitu. Maharage mapya hatukuyaonja kabla kikapu cha kwanza hakijafika kanisani, hata msimu ule ambao vikapu vyote vilikuwa vitatu. Hukutuhubiria. Ulisema tu: "Mungu kwanza. Ingine tutaona."

Wakati wa kupanda, ulimlimia mjane Mukandayisenga kabla ya kugusa shamba letu. Kanisani uliimba vibaya, kwa sauti kubwa, wala hukuona haya.

Jambo moja tunataka liandikwe kama lilivyotokea, kwa sababu siku hizi linasimuliwa vibaya.

Mwaka 1946 Sebarenzi, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote katika kilima chetu, alikupa ng'ombe mmoja. Mlipatana kwamba ndama jike wa kwanza atakuwa wake. Kwetu, mtu aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa. Ni namna ya kushukuru, na pia ni namna ya kuthibitisha neno. Lakini wewe ulikuwa umebatizwa, na ulikuwa umeamua kwamba hakuna jina litakalowekwa pale palipo pa Mungu.

Mwezi wa sita mwaka 1949, ng'ombe alikuwa amezaa wiki ile. Mlikuwa kwa jirani yetu Nzabandora, aliyekuwa anamwoza binti yake. Sebarenzi alikuuliza mbele ya watu:

"Straton, ile ngombe imezaa dume ao jike?"

"Dume, Papa Sebarenzi."

"Apa kwa jina yangu, tusikie."

"Iko dume. Nimesema."

Nzabandora alitaka kuokoa karamu yake. "Apa tu, ndugu yangu. Pombe inatungojea."

Uliweka mrija chini. "Papa Sebarenzi, ngombe njo wewe ulinipa. Nakushukuru mbele ya bantu yote. Lakini kuapa, niliacha siku ya ubatizo."

"Basi ule Mungu wako njo atakukamulia," akasema Sebarenzi. Watu walicheka. Wewe pia ulicheka, kidogo.

Kesho yake asubuhi wachungaji wa ng'ombe wa Sebarenzi walikuja. Walimkuta ndama, naye alikuwa dume kama ulivyosema. Walimchukua hata hivyo, pamoja na mama yake. Ndama hakuwa tena shauri. Shauri lilikuwa jina.

Rosalie, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa na miezi minane, na Mama hakuwa na maziwa ya kutosha. Tulimsikia Mama akikwambia mlangoni, bila kupaza sauti: "Papa Faustin, ilikuwa neno moja tu. Mutoto angekunywa leo."

Ulisema: "Najua. Na kesho ningeomba Mungu na mudomo gani?"

Faustin, mwanao mkubwa, aliyekuwa anasomea ualimu, alikueleza kwamba ile ni desturi, si ibada. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kama ulivyozoea. "Kama iko desturi tu," ukasema, "juu ya nini wamekasirika hivi?"

Mwaka mzima ulilima kwa Kanyamibwa, ng'ambo ya kijito, siku tatu kwa wiki, upate kibuyu cha maziwa cha kila siku. Ulitoka kabla ya jua, na jembe ulilisimamisha kwake kama ulivyolisimamisha kwetu. Kwa kukosa mbolea, shamba letu la juu lilitoa vikapu sita badala ya kumi na kimoja. Ulibeba maharage mgongoni mpaka sokoni Walikale, ukarudi na mafuta ya mawese, na vidonda mabegani. Rosalie aliishi.

Wanaosimulia husema Mungu alikurudishia ng'ombe kumi. Hakukurudishia hata mmoja. Tunaliandika wazi, kwa kuwa hukupenda habari iliyoongezwa. Ulipoulizwa kama hujuti, ulijibu kwamba hukumchagua Mungu ili akupe ng'ombe.

Mwaka 1953 Sebarenzi mwenyewe alishtakiwa barazani kwa ajili ya mpaka wa mashamba mawili. Mashahidi wa kila upande waliapa sana, na waamuzi hawakujua wamwamini nani. Wakamwambia Sebarenzi alete mtu mmoja tu. Alisema: "Mumwite Straton."

Ulifika na jembe begani. Ulipotakiwa kuapa, ulisema hapana, na hapo ni Sebarenzi aliyewaambia waamuzi: "Mumuache. Huyu ataongea tu." Ulieleza mpaka unapopita, jiwe kwa jiwe. Neno lako lilimpa Sebarenzi shamba la chini na kumnyima la juu. Waamuzi wote wawili walilipokea.

Nje alikusubiri. "Straton, umeninyanganya shamba."

"Ndiyo, Papa."

"Na mimi nilikuwa tayari kukurudishia ngombe."

"Nilifikiri hivyo, Papa."

Alikutazama, akatikisa kichwa, mkapanda kilima pamoja mkizungumza habari za mvua. Ng'ombe alibaki kwake.

Siku ya maziko yako alikuja akitembea kwa fimbo. Alitupa udongo wake, kisha akageukia watu. "Huyu hakuapa kwa jina yangu hata siku moja," akasema. "Bengine bote banaapa. Njo huyu tu nilikuwa naamini."

Hatuna cha kuongeza juu ya hayo. Jembe lako liko kwa mwanao Pierre, naye hulisimamisha kabla ya kulima. Kikapu cha kwanza cha msimu huu kilifika kanisani Jumapili iliyopita. Rosalie alikibeba mwenyewe, na njiani alikataa kusaidiwa.

Wanaokukumbuka: mke wako, Mama Béata Mukasine, watoto wako Faustin, Geneviève, Pierre na Rosalie, dada yako Verdiane, na majirani zako wa Muheto.

Tutakukumbuka siku zote, Papa. Hatuapi. Tumesema.