Divai ya Posa ya Kendi

Jumamosi, Desemba

Bado nina ladha ya damu ya Baba Mkubwa mdomoni, ingawa nimepiga mswaki mara tatu.

Miaka miwili dada yangu Kendi aliilaza ile chupa ya divai nyekundu ghalani, imefungwa majani ya mgomba kama miraa ili isipate joto. Aliiweka kwa siku ya posa yake. Leo tuliifungua saa moja kabla ya wakwe kufika, ipate hewa na ukali upungue. Ndivyo alivyofundishwa kazini kwake, hotelini Meru.

Wazee walipoketi akamimina kidogo, akanusa, akaonja. Hotelini anayemimina huhakikisha kwanza kwamba haijaharibika. Kwetu mzee ndiye huanza.

"Wewe msichana, unakunywa kabla yangu?"

Baba Mkubwa akampiga kofi, Kendi akaanguka. Mzee akanyakua chupa, akaivunja ukutani, akamwendea na kipande kilichobaki mkononi. Sikufikiri. Nilimuuma mkono hadi akakiachilia. Baba akamkaba ndugu yake shingo, meza ikapinduka.

Wakwe wakasimama wote. Nikaona nimeivunja ndoa ya Kendi kwa meno yangu.

Mama wa bwana harusi akapiga magoti, akamfuta Kendi divai usoni kwa leso yake.

"Ilikuwa imeharibika?"

"Hapana, mama. Ilikuwa nzuri, nzito," Kendi akajibu akilia.

"Basi asali ya posa tuliyoleta haturudi nayo. Na siku ya harusi, mwanangu, wewe ndiye utatuonjea."