Reli Niliyoichagua Mwenyewe

Nyanya, umeamkaje? Huku kalamu naishika kwa ngumi, vidole vimeganda.

Binamu Tito amenileta kilimani kuteleza kwa ubao juu ya reli, vyuma vilivyosimikwa kwenye theluji. Moja ni pana kama benchi, nyingine ni bomba la mviringo, na ya tatu imekunjika kama goti. Akaniuliza napenda ipi. Nikajibu ulivyonifundisha mgeni ajibu: "Yoyote tu."

Akanipeleka kwenye ile ya goti.

"Shuka basi, madam, foleni ni ndefu," Tito akanihimiza.

Watu nyuma walikuwa wakiguna. Nisamehe, Nyanya. Nilimwambia naitaka ile pana.

"Si ungesema tangu mwanzo?"

Niliipita yote bila kuanguka. Jioni shangazi, mamake Tito, akiniuliza chai au uji, nitasema uji.

Jifunike vizuri.

Mjukuu wako, Kui