Picha ya Kwenye Kadi ya Hafsa

Praxeda, nimempiga mtu. Nimempiga karani wa zahanati hapa Pongwe, damu ya pua imemmwagikia shati zima.

Hafsa wangu jino limemwoza, shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Daktari wa meno yuko mjini, anawaona watoto kwa video, na kadi ya bima ya watoto inalipia. Alishatokea kwenye kompyuta, anatusubiri.

Karani akatazama picha ya kwenye kadi, akamtazama mtoto. "Dada, huyu siye."

"Kaka, amevimba! Ndicho kilichotuleta!"

"Basi mrudishe uvimbe ukishapungua, afanane na picha."

AFANANE NA PICHA, Praxeda! Mtoto anatetemeka kwa homa, yeye anacheka, anataka kufunga kompyuta.

Ndipo nikamtwanga ngumi. Nikaivuta kompyuta, nikamfungua Hafsa mdomo mbele ya kamera. Daktari akapiga kelele, "Usaha huo! Mleteni hospitali sasa hivi!"

Tumeshafika, wako naye ndani wanamtoa usaha.

Karani amenipigia. Ati nimwombe radhi mbele ya wenzake, la sivyo anakwenda polisi.

Aende. Siombi radhi.