Fomu Isiyo na Pembeni

Jumatatu, 3 Machi
Fomu ya kulaza wagonjwa imekamilika! Kurasa nne za karatasi, sasa skrini moja — ukijaza mjamzito, maswali ya mimba yanatokea. La sivyo yanajificha. Bosi kafurahi. Sista wa wodi kaitazama weee, akauliza: ile nafasi ya pembeni, tunayoandikia kwa kalamu nyekundu, iko wapi? Nikamwambia kompyuta haina pembeni, sista. Hakucheka.

Jumatano, 12 Machi
Sista karudi na lalamiko. Kwenye swali la dawa zinazomdhuru mgonjwa, ukichagua "Sijui", sehemu yote inajifunga na haifunguki tena. Kweli. Kosa langu — nimeiunganisha na "Hapana". Nikampelekea bosi. Akasema: malizia fomu za maabara kwanza, wauguzi watazoea. Nikarudi kwenye za maabara.

Jumanne, 18 Machi
Amekufa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Aliletwa na jirani, hajitambui. Dawa zinazomdhuru? Jirani akasema hajui, sehemu ikajifunga. Baadaye binti yake akafika, akamwambia sista: mama hadungwi penisilini, itamuua. Sista akatafuta pa kuandika. Hakuna. Akawaambia wa zamu iliyofuata kwa mdomo. Maneno ya mdomo hayasomeki. Wakamdunga.

Binti kakaa kwenye ngazi za nje, kapakata viatu vya mama yake.

Jumatano, 19 Machi
Bosi kafunga mlango. Akaniambia: rekebisha fomu leo, tarehe ya marekebisho isomeke tatu Machi. "Kosa la mtu mmoja linaisha, mdogo wangu. Likiwa la mfumo, tunazama wote."

Nimerekebisha. Dakika sita. Dakika sita tu!

Tarehe nayo nimebadilisha.

Ijumaa, 21 Machi
Kikao. Sista kasema hapakuwa na pa kuandika. Bosi akawasha skrini — nafasi ya kuandika hiyo hapo, peupe. Sista akanigeukia: "Mwanangu, si nilikuja kwako? Waambie."

Nikasema sikumbuki.

Sista kasimamishwa kazi. Miaka ishirini na sita wodini. Kavua beji mwenyewe, kaiweka mezani polepole, kama kitu cha kuvunjika.

Jumamosi, 22 Machi
Simu, namba ngeni. Nikapokea. Binti wa marehemu — sista kampa namba yangu. Hatukani. Anauliza kwa upole tu: dada, eti fomu ile uliitengeneza wewe?

Nimemwambia asubiri kidogo. Nimeilaza simu mezani, kando ya daftari hili. Hajakata. Namsikia anavyopumua.