Nafasi ya Salamu kwenye Njia ya Pande

Mume wangu Twaha,

Marahaba. Barua yako imefika Rasbura pamoja na ramani. Sote wazima, ila shangazi yako anafuga bata, na sasa wanaingia mpaka jikoni.

Unauliza kama siku tatu za baiskeli zinatosha kutoka Kilwa hadi kwangu kwa njia za vumbi. Nilipokuwa mwanafunzi nami nilipanga safari, kutoka Kiranjeranje hadi Pande, niiwahi harusi ya dada yangu. Kila saa niliiandika kwenye daftari. Njiani bibi mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo alinipungia mkono. Nilipita bila hata shikamoo, maana daftari halikuwa na nafasi yake.

Mbele kidogo baiskeli ikapata pancha. Nilikuwa naikokota huku nalia, bibi yule akanifikia, jembe begani.

"Si wewe upepo uliopita shambani kwangu?"

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa aibu.

"Marahaba! Leo tairi limekufundisha adabu. Nilikuwa nakuita nikwambie njia hiyo ina miiba. Twende kwa mwanangu, ana viraka."

Mwanawe aliziba pancha, akanionyesha njia nyingine. Nilimkuta dada bado ndani, anavishwa.

Siku tatu zinatosha, mume wangu, lakini ongeza ya nne kwa ajili ya salamu. Bata mmoja nimekutengea. Bata mwenyewe hajaambiwa.

Mkeo mzee,
Bibi Somoe